Atomi chache zinazoigeuza dawa ya mmea: niliyojifunza kati ya famasia na maabara

Katika famasia ya wodi ya saratani nilikofanya kazi kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi chuoni, kulikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini, haziwekwi kwenye rafu moja ya jokofu. Zote mbili huja zikiwa maji maangavu ndani ya vichupa vidogo, zote huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mbali na mwanga, zote zimetoka kwenye mmea mmoja, na majina yake yanakaribiana kiasi cha kumchanganya mtu aliyechoshwa na zamu. Hata hivyo, mtu mzima mwenye limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu, hupewa vinblastini miligramu 6 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili wake, ilhali vinkristini hutolewa miligramu 1.4 tu kwa kipimo hicho hicho, na hospitali nyingi haziruhusu dozi moja ya mtu mzima ivuke miligramu 2. Anayepima vinkristini kwa hesabu ya vinblastini ameandaa sumu. Tena vinkristini ikidungwa kwenye maji ya uti wa mgongo badala ya mshipa, humuua mgonjwa.

Vinblastini ina atomi 117; vinkristini ina 116. Tofauti yake iko mahali pamoja tu, kwenye nitrojeni moja ya ile nusu ya molekuli inayoitwa vindolini. Hapo vinblastini imebeba kundi la methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, na vinkristini imebeba kundi la fomili, yaani kaboni moja, hidrojeni moja na oksijeni moja. Kwingine kote zinalingana atomi kwa atomi. Nilikuwa nimelisoma jambo hili chuoni na kulijibu kwenye mtihani, lakini uzito wake niliuona wodini. Mgonjwa wa vinblastini alirudi kliniki na majibu ya damu yanayoonyesha kwamba chembe zake nyeupe zimeporomoka, na dozi iliyofuata ikaahirishwa. Mgonjwa wa vinkristini alirudi na damu isiyo na hitilafu kubwa, lakini akilalamika kwamba choo kimemfunga kwa siku nyingi, vidole vimeingia ganzi, na vifungo vya shati sasa anafungiwa na mkewe.

Dawa hizi zote mbili hunasa protini iitwayo tubulini, ambayo seli huiunganisha kuwa mirija midogo mno. Seli inapojigawa, mirija hiyo ndiyo inayozivuta kromosomu pande mbili. Ikishindwa kujengeka, seli hukwama katikati ya mgawanyiko na mara nyingi hufa. Neva nazo huitegemea mirija hiyo hiyo kusafirishia mizigo kutoka kwenye mwili wa seli hadi ncha za vidole vya miguu, na ndiyo maana neva ndefu huumia kwanza. Vinkristini huishika tubulini kwa nguvu zaidi na hukaa mwilini muda mrefu zaidi: nusu ya dawa huhitaji takriban saa 85 kuondoka katika hatua ya mwisho, wakati vinblastini huhitaji takriban saa 25. Oksijeni moja ikiingia mahali pa hidrojeni mbili, dhara kuu la dawa huhama kutoka kwenye uboho wa mifupa kwenda kwenye neva.

Jambo hilo lina upande unaotuhusu sisi hasa. Vinkristini huvunjwa kwenye ini na kimeng'enya CYP3A5 kwa kasi inayozidi sana ile ya ndugu yake CYP3A4. Wazungu wengi hawana CYP3A5 inayofanya kazi, lakini Waafrika wengi wanayo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wa Kenya wenye saratani ulikuta kwamba wengi mno walikuwa nayo, na madhara ya neva kwao yalikuwa madogo. Kwa hiyo kundi lile la fomili halipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na mwili unaolipokea. Tangu nilipoisoma taarifa hiyo nimekuwa nikitilia shaka dozi zinazonukuliwa kutoka vitabu vya ng'ambo kama kwamba ini la mtoto wa Eldoret ni ini la mtoto wa Indiana.

Mmea wenyewe ni Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, wenye maua ya petali tano ya waridi au meupe, na pwani yetu umejaa kwenye nyua zenye mchanga na kando ya makaburi, wala hakuna anayeumwagilia. Shangazi yangu anao mlangoni kwake huko Kwale. Nilipomweleza kazi ninayofanya aliutazama mmea, akanitazama mimi, kisha akauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu hapo kwa sauti nyingine: "Mwanangu, kama dawa ya hospitali imetoka humu, mbona jirani yangu mwenye uvimbe wa titi asichemshe haya majani bure, akaacha kuuza mbuzi wake kwa ajili ya nauli ya kliniki?"

Sikuweza kumjibu kwa kudharau mitishamba, kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyenilea kwa mitishamba, na pili kwa sababu historia iko upande wake kwa sehemu. Majani hayo yalitumiwa Jamaika kama dawa ya kisukari, na sampuli zake zikamfikia Robert Noble katika Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada. Yeye na mwenzake Charles Beer hawakuona sukari ikishuka kwa panya waliopewa maji ya majani kwa mdomo. Walipodunga dondoo lake, panya walikufa kwa maambukizi, kwa maana chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimetoweka na uboho wao umeharibika. Kutokana na madhara hayo walifikia vinblastini, wakaitangaza mwaka 1958, na baada yake wakemia wa kampuni ya Eli Lilly wakaipata vinkristini. Dawa ya saratani ilipatikana kwa sababu mmea uliharibu kinga ya panya. Hili nilimweleza shangazi taratibu: "Shangazi, jirani akinywa majani haya, kitu cha kwanza anachoweza kupoteza ni askari wa mwili wake, na uvimbe ubaki pale pale." Akaniuliza kipimo gani basi kinafaa. Nikamwambia kwamba jani halina kipimo, maana linabeba alkaloidi, yaani kemikali za mmea zenye nitrojeni, zaidi ya mia moja, na tani nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu za vinblastini na vinkristini pungufu ya hapo. Jirani aliuza mbuzi, akaenda.

Ile idadi ya zaidi ya mia moja niliiona kwa macho nilipoanza shahada ya pili. Unachukua dondoo la majani, unalidondoshea kwenye mstari wa chini wa sahani yenye utando wa silika, unaisimamisha sahani kwenye chupa yenye kiyeyushi kidogo, na kiyeyushi hupanda kikiburuta kila kemikali kwa mwendo wake. Ukiitoa na kuikausha huoni kitu. Chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno vinatokea vivuli vilivyopangana, na ukiipulizia dawa ya Dragendorff, alkaloidi hujitokeza kama madoa ya rangi ya chungwa juu ya manjano, mengine yamebanana kiasi kwamba huwezi kusema moja limeishia wapi. Sehemu kubwa ya madoa hayo haifanyi lolote kwa seli za saratani. Doa nene kuliko yote katika sahani zangu lilikuwa la vindolini, na vindolini peke yake haina nguvu ya kuzuia uvimbe. Nusu ya pili, katharanthini, nayo peke yake ni dhaifu. Mmea huziunganisha nusu hizi mbili, na muungano wao ndio unaoua.

Hata muungano huo una masharti. Katikati ya miaka ya 1970 Pierre Potier na wenzake nchini Ufaransa walifanikiwa kuziunganisha katharanthini na vindolini maabarani. Mmenyuko ulipofanywa kwenye baridi kali, chini sana ya sifuri, kiungo kilikaa kwa mwelekeo ule ule wa asili. Joto lilipopanda, sehemu kubwa ya zao ilikaa kwa mwelekeo wa kinyume. Kaboni ni ile ile, vifungo ni vile vile, uzito ni ule ule, lakini nusu moja imegeukia upande mwingine, na molekuli ya namna hiyo haina kazi dhidi ya saratani. Ni kama ufunguo wa kulia uliochongwa kwa kuutazama kwenye kioo: meno yote yapo, kitasa hakifunguki. Potier aliendelea hadi akapata vinorelbini, ambayo pete moja kubwa ya upande wa katharanthini imepunguzwa kutoka atomi tisa hadi nane. Ikaidhinishwa Ufaransa mwaka 1989 kwa saratani ya mapafu, na neva huivumilia vizuri kuliko vinkristini. Mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba wakitaka kuelewa maana ya muundo wa kemikali, wasianze na vitabu vinene. Wachore molekuli hizi tatu kwenye ukurasa mmoja, kisha waandike chini ya kila moja mgonjwa atalalamika nini.

Kisa kilichonigusa zaidi kiko karibu na nyumbani kuliko hicho. Mwaka 1972 kikundi cha Morris Kupchan nchini Marekani kilitangaza maitansini, iliyotengwa kutoka mti wa jamii ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Kwenye seli za maabara ilikuwa na nguvu mara 100 au zaidi kuliko vinkristini, nayo pia hukamata tubulini. Shida ilikuwa wingi wake, kwa kuwa kilo nzima ya mmea mkavu hutoa miligramu chache au hata sehemu ya miligramu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitafuta chanzo kingine, ikakipata Maytenus buchananii katika milima ya Shimba, ile tunayoiona tukiwa njiani kwenda Kwale. Katika miaka ya 1970 zilitolewa humo zaidi ya tani 27 za mmea huo, na maandishi ya uhifadhi yanasema kwamba miti yote iliyokomaa ilivunwa, na waliporudi miaka minne baadaye kutafuta zaidi, machipukizi yalikuwa haba. Nimewahi kuwauliza wazee wa vijiji vya kando ya hifadhi kama wanayakumbuka magunia hayo. Wengine walikumbuka vibarua vya kukata, hakuna aliyeambiwa ni vya nini.

Na baada ya yote hayo maitansini yenyewe ilishindwa. Wagonjwa waliojaribiwa walitapika, wakaharisha, wakadhoofika, neva zikaumia, na uvimbe haukupungua vya kutosha, hivyo majaribio yakaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini jedwali la Kupchan la molekuli za jamii hiyo lilibaki, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo miti yote ya Shimba isingelionyesha kwa wingi wake. Maitansini ina pete kubwa, na kwenye kaboni ya 3 ya pete hiyo unaning'inia mkono wa esta. Molekuli dada zisizo na mkono huo, kama maisini na normaisini, hazikuzuia uvimbe. Mkono ukiwepo, pana kazi. Ukikosekana, pete peke yake haifai. Zaidi ya hapo, ncha ya mkono ilionekana kuvumilia mabadiliko: ungeweza kubadilisha kilichofungwa mwishoni bila kuiua kazi yake.

Mwaka 1977 watafiti wa Japani walizipata ansamitosini, molekuli za ukoo ule ule, kutoka kwa bakteria. Kuanzia hapo hakukuwa na haja ya kukata mti wowote. Bakteria walifugwa kwenye matangi. Wakemia wakachukua ansamitosini, wakaukata mkono wake wa asili, wakaunganisha mkono mpya wenye salfa nchani, na salfa hiyo ikawa ndoano ya kuifunga sumu kwenye kingamwili iitwayo trastuzumabu, ambayo hutafuta protini ya HER2 juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Zao lake, trastuzumabu emtansini, liliidhinishwa Marekani Februari 2013. Kila kingamwili hubeba wastani wa molekuli tatu na nusu za sumu. Kiungo chake hakikatiki ndani ya damu. Seli huimeza kingamwili nzima, huisaga, na kinachobaki ni sumu iliyoshikamana na asidi amino moja, laisini, yenye chaji ya umeme. Chaji hiyo huifanya ishindwe kupenya utando na kutoka kwenda kuzidhuru seli za jirani. Sumu ile ile iliyowatapisha watu miaka ya 1970 imepewa mkono mpya na chaji, ikawa dawa. Nionavyo mimi, Kwale inastahili kutajwa katika historia hiyo, walau kwa aya moja, na hadi leo sijaona ikitajwa ila kwenye maandishi ya wahifadhi.

Kuhusu kinga, nilichelewa kuvutiwa. Kwetu wauzaji wa mitishamba huandika kwenye bango moja kwamba dawa yao inaua saratani na inapandisha kinga, na kwa mfamasia aliyezoea kuona chembe nyeupe zikianguka, maneno hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja. Utafiti wa miaka ya karibuni umenilazimisha kuwa makini zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Basel walionyesha kwamba ansamitosini huziamsha seli za dendriti, zile zinazobeba vipande vya adui na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga. Kabla ya hapo vinblastini kwa dozi ndogo iliyodungwa mahali pamoja ilikuwa imeonyesha jambo linalofanana kwa panya. Mwaka 2019 sababu ikaeleweka zaidi: protini iitwayo GEF-H1 huwa imefungwa kwenye mirija ya tubulini, na mirija ikibomoka, huachiliwa na kuanzisha ishara ya kuiamsha seli. Paklitaxeli, inayotokana na gome la myuu wa Pasifiki, nayo hushika tubulini, lakini huiimarisha mirija badala ya kuibomoa, kwa hiyo haiifungulii GEF-H1 kwa namna hiyo. Dawa mbili zinaweza kuua seli ile ile ya saratani kwa kukwamisha mgawanyiko ule ule, na bado zikaiachia kinga habari tofauti.

Nasema haya bila kupiga tarumbeta. Trastuzumabu emtansini ilipojaribiwa kwa wagonjwa pamoja na atezolizumabu, dawa inayoondoa breki za seli T, kundi zima la wagonjwa halikupata muda mrefu zaidi kabla ya ugonjwa kusonga mbele kuliko waliopewa ya kwanza peke yake. Panya walikuwa wamefanya vizuri mno kabla ya hapo.

Paklitaxeli ndiyo hasa inayonifanya nisiwaamini panya kirahisi. Tangu 1990 ilijulikana kwamba katika seli za panya hufanya kazi kama lipopolisakaridi, ile sumu ya ukuta wa bakteria, ikiamsha makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu; baadaye ikaeleweka kwamba hupitia kipokezi TLR4 na msaidizi wake MD-2. Kazi hiyo haina uhusiano na mirija. Dosetaxeli, dawa ndugu yake, ambayo inaishika tubulini vizuri na inatofautiana na paklitaxeli kwenye sehemu mbili tu, moja ikiwa kundi la atomi liitwalo benzoili juu ya nitrojeni ya mkono wa pembeni, haina uwezo huo. Benzoili likiwapo panya huitika, likiondolewa hunyamaza. Lakini seli za binadamu hazikuitika namna hiyo, kwa sababu MD-2 yetu ina umbo lingine.

Ndiyo maana mwanafunzi ninayemsaidia alipokuja na matokeo mazuri, dondoo la mizizi lililoamsha makrofaji za panya kwa nguvu ya kushangaza, nilimwomba kabla ya jambo lolote arudie jaribio mara mbili: mara moja akiongeza polimiksini B, ambayo hunasa lipopolisakaridi, na mara moja akitumia seli za binadamu. "Mwalimu, unashuku nimechafua?" aliuliza, na uso ukamshuka. Nilimweleza kwamba mizizi hutoka udongoni, na udongo umejaa bakteria, hivyo dondoo lolote la mizizi linaweza kubeba sumu yao hata kama mikono ni safi. Polimiksini B iliondoa sehemu kubwa ya kazi ya dondoo lake. Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilionekana kwa seli za binadamu pia, na kilihama na doa moja la sahani ya silika. Sasa anatafuta muundo wa doa hilo, na tumekubaliana kwamba neno kinga halitaingia kwenye kichwa cha tasnifu hadi aujue.